Gunia la Kokugonza

Kokugonza Kyaruzi hapendi kuandika kitu mara mbili. Kwao Muleba wanakumbuka tabia hiyo ilivyowaingiza aibuni. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, na kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo mwenye kompyuta, kila shughuli ikiisha aliletewa kazi ya kuandika barua ya shukrani kwa waliochanga na waliofika. Akachoka. Akatengeneza barua moja tu yenye nafasi wazi, ajaze neno la shughuli na jina la mwenye shughuli, basi, imekwisha.

Binamu yake Judica alipoolewa, barua mia mbili zilitoka zikiwashukuru watu kwa kufika katika mazishi ya mpendwa wetu Judica. Bibi harusi mwenyewe alikuwa Mwanza na mumewe, anakula samaki. Shangazi mmoja aliipokea barua, akajifunga kitenge, akasafiri kutwa nzima kwenda kulia. Alipofika alikuta watu wanamalizia lubisi, pombe ya ndizi ya harusi. Akalia hivyohivyo, kwa sababu nauli ilikuwa imeshakwenda.

Mtu mwingine angerudi kuandika barua moja moja. Kokugonza alisema kosa halikuwa nafasi wazi. Kosa ni nafasi isiyojua itapokea nini. "Nafasi ya harusi yenyewe iyakatae mazishi," alimwambia baba yake, "na iyakatae kabla barua haijatoka." Baba yake, fundi seremala na mzee wa usharika, alimjibu kwamba kwa sasa akaombe radhi kwa shangazi.

Alienda kuomba radhi, na mwaka uliofuata akaacha ualimu. Akapanga vyumba viwili Buhembe, hapa Bukoba, akaanza kazi ambayo hadi leo majirani wanaieleza kila mmoja kivyake.

Mimi nitaieleza ninavyoielewa. Mimi ni mtu wa mikungu ya ndizi. Nimenunua na kuuza miaka ishirini na sita, na kompyuta nimeijua uzeeni. Waandika programu wana lugha zao za kuamrisha kompyuta. Ndani ya lugha hizo, kila mmoja huhitaji vyombo vya kupangia vitu: foleni, orodha, rundo, kabati lenye majina juu ya droo. Wavivu huunda chombo kipya kila wakipata kazi mpya, leo foleni ya wagonjwa, kesho foleni ya malori, na zote ni foleni ileile. Kokugonza aliandika vyombo hivyo mara moja, vizuri, kwa namna ya kupokea kitu cha aina yoyote, ila kwa sharti: useme mapema chombo hiki ni cha nini. Ukisema ni cha ndizi, hakitapokea viatu. Mkusanyiko wa vyombo hivyo wao wanauita maktaba. Chombo kikuu cha maktaba yake alikiita Gunia.

Na maktaba yenyewe aliitoa bure, mtu yeyote duniani aichukue. Hapo tuligombana.

"Unatoa bure kitu ulichokihangaikia miaka mitatu?"

"Ninatoa magunia, Ta Privatus. Ninauza kazi ya kupakia."

Hesabu hiyo ilikuwa na akili. Basi mimi nikawa namtafutia wenye mizigo. Nilianza kwa Kamlesh wa duka la vipuri pale mjini, ambaye ana saizi za bolti nyingi kuliko wajukuu wake, na wajukuu si haba. Kisha nikampeleka kwa Josia, mfanyabiashara wa dagaa wa Kemondo. Kotekote ilikuwa programu nyingine juu, lakini chini ni Gunia lilelile. Kasoro ikionekana kwa Kamlesh, inazibwa mara moja, na Josia anazibiwa akiwa amelala.

Halafu tukaenda Kaagya.

Kule kuna chama cha wakulima wa kahawa ambacho vyama vingine vya jirani hukitazama kwanza kabla ya kufanya jambo lolote. Wakisema ndiyo, vyama tisa vinafuata. Wakisema hapana, afadhali urudi kwenye chaki, na Kokugonza alikuwa ameshaweka nadhiri kwamba msimu ukifunguliwa Mei bila Kaagya, atarudi. Nilimfundisha njiani: jibu ulichoulizwa, usiongeze.

Kamati ilitupokea ofisini kwao kwa heshima. Tulipewa akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna anazopewa mgeni. Mwenyekiti, Ta Mwijage, mwalimu mkuu mstaafu, aliitazama programu ikipokea mizigo ya wakulima, ikaipanga kwa kijiji na kwa daraja, akatikisa kichwa kuridhika. Katibu Rugambwa aliridhika. Hata Ma Agnetha, mjumbe mzee kuliko wote, aliyekaa pembeni akitafuna kahawa yake polepole, alionekana hana neno. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya miguu niondoke.

"Na kazi hii imeshafanyika mahali pengine?" Mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, Waitu," Kokugonza akasema, kwa neno letu la heshima. Angeishia hapo. "Kemondo, kwa Josia. Gunia hilihili ndilo linalopanga dagaa wake."

Ma Agnetha aliacha kutafuna.

"Dagaa?" Mwenyekiti akauliza.

"Dagaa."

"Gunia hilihili?"

"Hilihili. Ndiyo uzuri wake."

Nilimpiga teke chini ya meza. Nilipiga mguu wa meza.

Ta Mwijage alifungua droo akatoa katiba ya chama. "Kifungu cha kumi na mbili. Chombo chochote kilichobeba samaki, mafuta ya taa au sabuni hakitabeba kahawa ya chama hiki."

"Mwenyekiti," nikasema, "hiki si chombo cha kunusa."

"Kifungu hakisemi kunusa. Kinasema chombo chochote. Kifungu hiki nilikiandika mimi, mwaka ambao gunia moja la dagaa lilitufanya turudishiwe kahawa ya lori zima. Mnunuzi aliyeonja alitema mbele yangu. Bwana Privatus, umewahi kutemewa kazi ya mwaka mzima?"

Akatupa sharti: tuwaandikie Gunia jipya, lao peke yao, ambalo halijawahi kubeba kitu cha mtu. Siku kumi.

Nje nilimwambia Kokugonza jambo jepesi. "Nakili. Badilisha jina, liite Debe. Nani atafungua aone?"

"Nitaona mimi."

"Wewe si mjumbe wa kamati."

"Ta Privatus, sikiliza. Nikinakili leo ninayo mawili. Kasoro moja, ninaziba mara mbili. Vyama tisa vikija, kila kimoja na kifungu chake, ninayo kumi na moja. Nitakuwa nimerudi kuandika barua za shukrani moja moja. Gunia likipasuka kuwa mawili, kazi yangu yote imekufa. Bora nirudi kufundisha."

Nilijaribu njia nyingine mbili, za kistaarabu kiasi. Akakataa zote. Mwishowe yeye ndiye aliyeleta wazo, mimi nikalipeleka kwa Mwenyekiti kwa simu: wajumbe wajaribu wenyewe kuingiza dagaa katika gunia la kahawa. Dagaa wakiingia, tunaondoka na hamtatuona tena. Wasipoingia, kifungu kimetimizwa, maana kilitungwa ili dagaa na kahawa wasikutane. Ta Mwijage alitaka kujaribu wiki nzima. Mimi nikasema saa moja. Akasema siku mbili, nikasema asubuhi hadi saa sita. Tukakubaliana saa nne hadi saa nane, na chakula juu ya chama.

Siku hiyo wajumbe walifika mapema, wameoga, kama watu wanaokwenda kwenye mashindano. Kokugonza aliweka kompyuta mezani, akaeleza. Wao waseme, yeye ataandika neno kwa neno. Kabla programu haijaanza kufanya kazi, kuna mkaguzi anayesoma kilichoandikwa, anaitwa kompaila. Akikuta kitu kimewekwa pasipo pake, anapiga mstari mwekundu na kazi haianzi kabisa.

Mwenyekiti akafungua. "Weka dagaa."

Mstari mwekundu. Chini yake maneno, kwa Kiswahili, alivyoyatunga Kokugonza: Gunia hili ni la kahawa. Dagaa si kahawa.

"Weka dagaa kidogo."

Mwekundu.

Katibu Rugambwa akasogeza kiti. "Tanguliza kahawa chini, dagaa katikati, halafu kahawa juu, nene kidogo."

Mwekundu. Lakini sasa watu walikuwa wanamtazama Rugambwa.

"Nene kiasi gani, Katibu?" akauliza mjumbe mmoja, Alexander.

"Nimesikia tu watu wanasema."

"Usimjali," Alexander akamwambia Kokugonza. "Achana na dagaa, jaribu changarawe. Zile ndogo, saizi ya kahawa. Unazisugua kwa majivu kwanza, zinapata rangi."

Changarawe si kahawa, kompaila ikasema.

"Hata zikisuguliwa?"

"Ta Alexander," Ma Agnetha akauliza kutoka kwenye kona yake, "majivu ya mti gani yanafaa?"

"Ya mgomba," Alexander akajibu upesi, kisha akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Hapo ndipo kikao kilipochangamka. Kila mmoja alitaka kuishinda mashine, na kila mmoja alikuwa na ujuzi wake. Mmoja alileta kahawa ya mwaka juzi iliyochanganywa na mpya. Mwingine alieleza jinsi ya kulaza gunia kwenye umande ili lipate uzito, akaeleza vizuri sana, hadi upande gani wa gunia uelekee chini. Kompaila ilikataa kilichokuwa cha kukataa. Mengine Kokugonza alisema yanahitaji mizani, si programu. Nikaona Ta Mwijage anaandika mfululizo kwenye daftari.

"Unaandika nini, Mwenyekiti?" Rugambwa akauliza.

"Mapungufu ya programu."

"Lakini programu imekataa yote!"

"Basi ninaandika mapungufu mengine."

Chakula kilikuja, matoke na maharage, kikaliwa huku wakibishana. Saa saba na nusu walikuwa wameishiwa. Nilimkonyeza Kokugonza. Ma Agnetha akafuta mikono, akavuta kiti chake hadi mezani.

"Mwanangu, niulize kitu kimoja. Kahawa ni zao?"

"Ni zao, Ma."

"Kwa hiyo gunia la kahawa ni gunia la mazao."

"Ndiyo." Kokugonza alifurahi kuulizwa. "Nimeliruhusu hivyo makusudi. Mtu akitaka taarifa ya mazao yote, aweze kupita kwenye kila gunia."

"Na kule Kemondo dagaa ni nini? Si zao la ziwa?"

"Nao nimewaandika hivyo."

"Vizuri. Chukua gunia la kahawa, mpe mtu wa pili. Usimwambie ni la kahawa. Mwambie ni la mazao, maana ni kweli. Yeye ana dagaa wake, ambao ni zao, kweli. Atie zao kwenye gunia la mazao. Kisha arudishe."

Kokugonza aliandika. Nilimwona vidole vinapungua mwendo kadiri alivyokaribia mwisho. Akabonyeza.

Hakuna mstari mwekundu. Programu ikaenda. Kwenye kioo: Gunia la kahawa. Ndani: kahawa, kahawa, kahawa, dagaa.

Ofisi ililipuka. Rugambwa alipiga meza, Alexander alimkumbatia mtu asiyempenda. Ta Mwijage alivua miwani.

"Ma Agnetha, kompyuta umejifunza wapi?"

"Kompyuta ya nini? Hiyo ni kazi ya marehemu mama mkwe wangu. Gunia likitoka kwetu ni la kahawa. Likifika kwa shemeji ni la mazao, anaongeza maharage yake mabovu. Likifika ghalani ni la kahawa tena. Na katika sisi wote, hakuna aliyesema uongo hata mmoja."

Kokugonza hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta, rangi imemtoka. Aliniambia baadaye kwamba tundu hilo lilikuwapo tangu siku ya kwanza, na watu wa nchi asizozijua walikuwa wamelitumia Gunia hilo miaka mitatu bila kuliona.

Mwenyekiti akaanza kusimama. "Basi, kwa makubaliano yetu..."

"Makubaliano yetu ni saa nane," nikasema. "Saa nane dagaa wakutwe nje. Sasa ni saa saba na dakika arobaini."

"Makubaliano hayakusema atarekebisha."

"Hayakusema hatarekebisha. Wewe ni mtu wa vifungu, Mwenyekiti."

Akakaa. Watu wa vifungu wana heshima yao.

Kokugonza alifanya kazi dakika kumi na tano bila kuinua kichwa. Kisha akaeleza, akimtazama Ma Agnetha peke yake. Kuanzia sasa, gunia la kahawa linaweza kuitwa la mazao kwa mtu anayetaka kulitazama tu. Anayetaka kutia kitu hawezi kuliita hivyo. Lazima alijue kwa jina lake kamili.

"Yaani shemeji atachungulia tu," Ma Agnetha akasema.

"Atachungulia tu."

"Mkono haingizi."

"Haingizi."

Akaandika tena hila ileile. Mwekundu. Saa nane kasoro dakika tatu.

Nilidhani tumemaliza, lakini Mwenyekiti bado alikuwa na swali lake. "Na Kemondo? Kule tundu bado liko?"

"Gunia ni moja," Kokugonza akasema. "Nikiliziba hapa limezibwa kule." Akafungua programu ya Josia hapohapo ili waone. Kompaila ikapiga mistari minne myekundu.

Kisha akapiga simu, akaweka sauti kubwa. Mimi ningepigia nje, mbali kidogo.

"Josia, kuna kitu kingine mnatia kwenye magunia ya dagaa?"

"Nani anauliza?"

"Mimi, na kamati ya chama cha Kaagya."

"Kamati ya... Dada, ni furu tu. Vile visamaki vidogo. Kidogo kabisa, vya kujazia. Si wewe uliniwekea sehemu ya mengineyo?"

"Niliiweka kwa ajili ya chumvi. Sasa imefungwa. Ukitaka kuuza furu, nitakufungulia gunia la furu."

"Nani atanunua gunia lililoandikwa furu? Niachie la zamani. Wape hao wa kahawa jipya, mimi niachie la zamani, tuelewane."

Nilimpa ishara akubali. Josia alikuwa mteja wangu mzuri, na magunia mawili si mwisho wa dunia.

"Hakuna la zamani, Josia. Ni moja."

"Basi tafuta dagaa wengine." Simu ikakatwa.

Kokugonza aliweka simu mezani, akaanza kufunga kompyuta. Ma Agnetha akamsaidia kwa neno. "Mwenyekiti, kifungu kinasema chombo kilichobeba dagaa. Kile kilichobeba ni cha saa saba. Hiki cha saa nane ni kipya."

Ulikuwa mlango mpana, umefunguliwa kwa hisani. Ningepita nikimbie.

"Hapana, Ma," Kokugonza akasema. "Ni kilekile. Nimekishona tundu. Kesho atakuja mtu wa mihogo, nitampa hicho hicho."

Ta Mwijage alifungua katiba kwenye kifungu cha kumi na mbili, akachukua kalamu. Kisha, baada ya neno "chombo chochote", akaongeza kwa mwandiko wa ubaoni: "kisichokaguliwa na Ma Agnetha". Akauliza kama kuna anayepinga. Alexander alitaka kusema kitu, Mwenyekiti akagonga daftari lake kwa kidole, Alexander akasema anaunga mkono.

Kwa hiyo sasa ndivyo ilivyo. Vyama sita kati ya tisa vimeshakuja. Josia hajarudi, na mimi dagaa ninanunua sokoni kama watu wengine. Kila Kokugonza anapotaka kutoa toleo jipya la maktaba yake, ile inayochukuliwa na watu wa dunia nzima, huipeleka kwanza Kaagya kwenye kibanja cha ajuza wa miaka sabini na nane asiyejua kuwasha kompyuta, na toleo halitoki mpaka amkubalie. Mara mbili amelikataa.

Jumanne iliyopita nilikuwa kwa Kokugonza Buhembe tukizungumzia chama cha saba, simu ikaita. Alikuwa Ma Agnetha, na kama kawaida yake hakusalimia.

"Mwanangu, nimewaza shambani. Gunia likitiwa ndani ya gunia lenyewe, itakuwaje?"

Kokugonza alifunga kompyuta. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake aende Kaagya.